Bakapu ya NAS usiku mzima na bado haimalizi, boti inaondoka Jumatatu asubuhi

Binti_wa_Studio (Goma), Jumanne, saa 3 usiku

Mambo yenu wote. Niko studio bado, mlango nimeufunga nusu, juu tangu saa 2 naangalia mstari mmoja wa bluu kwenye skrini nao hautaki kusogea.

Hali ni hii. Tuko na studio ya picha hapa Goma, upande wa Birere. Ni ya baba. Sasa mimi ndiye naiendesha, yeye anakuja kukaa kwenye kiti chake na kusalimia wateja. Mafaili yote yako ndani ya NAS moja (kisanduku cha diski kinachotunza mafaili kwenye mtandao) ya diski nne, kila diski TB 4, RAID 5 (diski moja ikifa mafaili yanabaki), prosesa ya ARM, RAM GB 2. Jina la kampuni naliacha, silaumu mtu. Kompyuta mbili za Windows zinaingia humo kwa kebo kupitia swichi ya gigabiti. Kila usiku saa 2 NAS yenyewe inaendesha rsync (programu ya kunakili yaliyobadilika tu) kwenda kwenye diski ya nje ya USB 3. Diski hizo ziko mbili, nimeziandika A na B kwa rangi ya kucha. Kila Jumatatu asubuhi moja inapanda boti kwenda Bukavu kwa shangazi, na ile iliyokuwa kwake inarudi.

Mtaniuliza kwa nini Bukavu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu ya Nyiragongo ilipotema, lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na studio ya baba ilikuwa njiani. Negativu zote zilikwenda. Alitoka na kamera moja na daftari la madeni, na lile daftari halikumsaidia kitu, maana wadaiwa walimwambia studio ikiungua na deni limeungua. Halafu mwaka 2021, tarehe 22 Mei, Jumamosi jioni, nilikuwa ukumbini napiga picha za ndoa, mbingu ikawa nyekundu. Siku chache baadaye tulipoamriwa kuhama nilitoka na diski imefungwa kwa kitenge kifuani kama mtoto. Tangu siku hiyo nilisema nakala moja italala mbali na huu mlima, ng'ambo ya pili ya ziwa.

Sasa shida. Mpaka mwezi uliopita bakapu ilikuwa inachukua saa moja na nusu, siku ya ndoa kubwa labda saa mbili. Siku hizi inaanza saa 2 usiku, nafika asubuhi saa 1 naikuta bado inahangaika. Jumatatu iliyopita boti iliondoka bila diski. Binamu yangu alinisubiri bandarini mpaka wakatoa kamba.

Nimekwisha kuwasha upya NAS, nimebadilisha kebo ya USB, nimejaribu A na B zote, nimeangalia afya ya diski zote nne, ziko safi. NAS haijajaa hata theluthi. Na sijabadilisha kitu chochote.

---

Kebo_Kwanza (Mwanza), Jumanne, saa 3:20 usiku

Badilisha kebo ya mtandao dada, usipoteze usiku. Waya mmoja ndani ukikatika, swichi inashuka kutoka gigabiti hadi megabiti 100 bila kukuambia, na hapo hutapata zaidi ya MB 11 au 12 kwa sekunde hata ufanye maombi. Kwetu alikuwa panya. Angalia taa ya swichi, nyingi zina rangi moja kwa gigabiti na nyingine kwa 100.

---

Mwana_Lushi (Lubumbashi), Jumanne, saa 3:45 usiku

Mimi nasema ni Windows. Ile huduma yake ya kutafuta mafaili inapita kila mahali inasoma kila kitu, inakula diski. Izime kwenye kompyuta zote mbili. Halafu weka SSD (diski isiyozunguka), mambo ya diski za kuzunguka yameisha.

---

Fundi_wa_Nguba (Bukavu), Jumanne, saa 4:30 usiku

Mdogo wangu, pole na usiku. Na ninyi ndugu zangu wawili, rudini msome. Amesema NAS *yenyewe* inanakili kwenda diski ya USB iliyochomekwa kwake. Kebo ya mtandao haimo njiani. Kompyuta za Windows hata zikizimwa bakapu itaendelea. Tena Windows kwa kawaida haiindeksi folda za mtandao, labda uwe umeziwekea zipatikane bila mtandao. Kwa hiyo panya wa Mwanza tumwache apumzike.

Mbele ya kununua chochote, fanya vitu vinne, utuletee majibu.

Kwanza chukua video moja nzito, GB 20 hivi, iweke kwenye diski ya USB, uone kasi. Kisha chukua folda ya picha nyingi ndogo zenye uzito kidogo, fanya vilevile. Kama video inakimbia na picha zinatambaa, basi diski na kebo ni nzima, tatizo liko kwenye *wingi*.

Pili ingia ndani ya NAS kwa SSH (njia ya kuiandikia amri kutoka kompyuta yako), andika `top`. Usiangalie prosesa tu, angalia ile namba yenye herufi `wa` juu. Hiyo ni asilimia ya muda ambayo prosesa imekaa bure inangoja diski ijibu. Tuandikie pia majina ya programu zinazoonekana juu kwenye orodha.

Tatu `cat /proc/mdstat`. Umeme ukikatika vibaya RAID inaweza kuwa inajipanga upya, na kwa diski za TB 4 hilo ni jambo la saa tisa au kumi hata kama hakuna anayeisumbua. Tuone kama iko hivyo.

Nne, ingia kwenye folda yako kuu, andika `find . -type f | wc -l`. Ngoja mpaka itoe namba. Itachelewa. Kuchelewa kwake ni jibu pia.

Niko na sababu ya kukuuliza hii ya nne. Kazi yangu ni kutunza mafaili ya mashine za eksirei na skana. Mgonjwa mmoja wa skana anaacha mamia ya picha ndogondogo. Nilishalala biro, ofisini, mara mbili juu ya tatizo ambalo naona lina sura kama ya lako.

---

Binti_wa_Studio (Goma), Jumatano, saa 5 asubuhi

Aksanti Yaya Fundi, mkubwa wangu. Majibu haya hapa, nimeandika kwenye karatasi kwanza nisikosee.

Video ya dote (mahari) ya mwezi wa pili, GB 22: MB 104 kwa sekunde, haikutetereka. Folda ya picha za wateja wa pasipoti, picha ndogondogo: MB 3, inashuka 2, inasimama kabisa, inarudi 3. Kwa macho unaona inavyopumua.

`mdstat`: naona [UUUU], yaani diski zote nne ziko hai, na hakuna mstari wa kujipanga upya.

`top`: `wa` ilikuwa 78, ikapanda 83. Prosesa yenyewe inafanya kazi kidogo sana. Juu kuna rsync, na chini yake kuna programu tatu au nne zenye majina yenye "index" na "thumb" ndani yake. Sizijui.

`find`: niliandika, nikaenda kumpiga mteja picha, nikarudi, nikamchapishia, akalipa, akalalamika juu ya masikio yake, akaenda. Ndipo namba ikatoka: 671,204.

Nilicheka peke yangu. Tangu tulipoacha filamu hatujapiga picha elfu 671. Naandika kila kazi kwenye daftari, hata nikijumlisha na zile tulizoskani sifiki elfu 170.

---

Fundi_wa_Nguba (Bukavu), Jumatano, saa 7 mchana

Hapo tumemshika mkia. Daftari lako linasema kweli na NAS nayo inasema kweli.

Andika tena `find`, mara hii uhesabu folda zilizofichwa. Kwenye Synology zinaitwa `@eaDir`, kwenye QNAP `.@__thumb`, wengine wana majina yao. Ziko ndani ya kila folda ya picha, na Windows haikuonyeshi. Humo NAS inaweka vijipicha: kwa kila picha moja inatengeneza kubwa kiasi, ya kati, na ndogo, ili mtu akifungua kwenye simu azione haraka. Picha elfu 168 zikizaa vijipicha vitatu kila moja, jumla unapata elfu 672. Namba yako hiyo.

Sasa tuhesabu pamoja. Rsync kwa kawaida haisomi ndani ya faili, inalinganisha ukubwa na tarehe tu. Lakini ili ijue ukubwa na tarehe lazima iulize diski, na diski ya kuzunguka inapoulizwa kitu kilicho mahali papya inabidi kichwa kisogee, kisha sahani izunguke mpaka pale. Diski ya mizunguko 5400 kwa dakika inaweza kufanya hivyo kama mara 60 kwa sekunde, si zaidi sana. Chukua maulizo mawili kwa kila faili, moja huku na moja kule. Elfu 671 mara mbili, gawanya kwa 60: zaidi ya saa sita. Saa sita za *kuuliza tu*, hujanakili picha hata moja. Usiseme niko na diski nne. Rsync inauliza swali moja, inangoja jibu, ndipo inauliza la pili. Diski tatu zinakaa zinatazama.

Na hapo ni kama rsync iko peke yake. Haiko peke yake. Ile programu ya faharasa, hizo ulizoona zenye "index" na "thumb", nayo inapita kwenye folda zilezile, inafungua kila picha, inasoma tarehe na kamera, inaandika kwenye kanzidata yake, inaandika kijipicha. Kichwa cha diski kinaitwa huku, kinaitwa kule. Ni kama motari mmoja wa pikipiki amebeba abiria wawili, mmoja anakwenda Ndosho na mwingine Majengo, na kila baada ya mita kumi mmoja anamgeuza. Ndiyo maana unaona MB 3 na `wa` 80. Prosesa haina kazi, diski haina nafasi ya kupumua.

Tena rsync inavibeba vile vijipicha kama mali yako. Diski zako A na B zimejaa vijipicha. Hata shangazi yako anavilinda.

Limebaki swali moja, na naliuliza kwa heshima. Umesema hujabadilisha kitu. Vijipicha havijiwashi. Nani aliwasha programu ya picha?

---

Binti_wa_Studio (Goma), Jumatano, saa 2:10 usiku

Yaya, naona aibu.

Ni mimi. Nilisahau kwa sababu sikuiona kama kazi ya kompyuta, niliiona kama zawadi. Mwezi uliopita nilimletea Muzee, baba yangu, tableti, nikamwekea ile programu ya kutazama picha zilizo kwenye NAS. Inapanga watu kwa sura. Nilibonyeza "ndiyo" kwa kila kilichoulizwa, na folda niliichagua ile kuu, yote.

Lazima niwaeleze anavyoitumia. Tangu studio iungue, watu wa mji wamekuwa wakituletea foto zile alizowapiga zamani, za ubatizo, za shule, za askari wa likizo, ziko kwenye bahasha au nyuma ya fremu. Tunaziskani bure, mtu anarudi na yake. Folda hiyo tumeiita *Zilizorudi*. Ziko kama elfu 9. Sasa Muzee anakaa na tableti magotini, anagusa uso wa mtu mmoja, zinatoka zote za mtu yule, akiwa kijana, akiwa bwana harusi, akiwa na mvi. Jana alimkuta mama mmoja wa Katindo kwenye picha sita ambazo familia tatu tofauti zilileta, na hizo familia hazijuani. Alimpigia simu hapo hapo.

Kwa hiyo msiniambie nizime. Nikizima atasema nimemchomea studio mara ya pili.

---

Mwana_Lushi (Lubumbashi), Jumatano, saa 3 usiku

Natubu juu ya Windows. Lakini kwenye SSD nina nusu ya haki: maulizo madogomadogo ndiyo SSD inayaweza. Na RAM pia. Linux inakumbuka kwenye RAM maelezo ya mafaili iliyokwisha kuyauliza, ila kwa GB 2, faharasa inapopita na picha zake inayasukuma nje, na rsync inakuta inabidi kuuliza diski tena upya.

Kitu kimoja kinanishangaza lakini. Mwezi mzima? Tuseme hiyo ARM inatumia sekunde tatu kwa picha, na za RAW (picha ghafi za kamera) ni nzito kweli. Elfu 168 mara tatu ni kama siku sita. Ilipaswa kuwa imemaliza zamani, ikabaki kuindeksi picha mpya tu. Kwa nini bado inakimbia?

---

Fundi_wa_Nguba (Bukavu), Jumatano, saa 3:15 usiku

Swali la akili. Dada, fungua kumbukumbu za matukio za NAS, tafuta faharasa imeanza saa ngapi kila siku. Na uniambie umeme wenu unakatika lini.

---

Binti_wa_Studio (Goma), Alhamisi, saa 4 asubuhi

Nimefungua. Siku kumi na nne mfululizo kuna mstari uleule kwamba NAS ilizimika vibaya, na chini yake kwamba faharasa inajengwa upya. Saa zinatofautiana kidogo, ila ziko kati ya saa 11 na saa 1 jioni.

Umeme wetu siku hizi unakatika mchana, kuanzia saa 8 au 9, unarudi jioni. Gurupe (jenereta) tuko nayo lakini naiwasha kwa ajili ya taa za studio na printa tu, juu ya bei ya esansi (petroli). NAS inabaki kwenye ondileri. Betri ya ondileri imezeeka, inashika kama dakika kumi na mbili, halafu kila kitu kinakufa kwa pamoja. Umeme ukirudi NAS inajiwasha yenyewe.

Kwa hiyo kama nimeelewa: inakufa mchana, inafufuka saa 12 jioni, inaanza kuhesabu picha zote kutoka ya kwanza. Na mimi saa 2 usiku naleta rsync juu yake. Kila siku.

---

Fundi_wa_Nguba (Bukavu), Alhamisi, saa 6 mchana

Umeelewa vizuri kuliko mimi. Kanzidata ya faharasa ikikatwa ikiwa katikati ya kuandika, programu nyingi haziiamini tena, zinaitupa na kuanza sifuri. Na vijipicha inavyoviandika upya vinapata tarehe mpya, rsync inaona vimebadilika, inavibeba tena. Kila jioni unaanza mwezi upya.

Tazama nyuma ya ondileri. Kuna tundu la mraba lenye pembe mbili zilizokatwa, kama lile la printa? Kama lipo, hilo ni la kuongea na NAS. Ondileri inaiambia: niko kwenye betri, nimebakiza kidogo. NAS inafunga mafaili yake kwa heshima na kujizima. Bila waya huo inasimama gizani ikidhani kila kitu kiko sawa mpaka dakika ya mwisho. Kwenye NAS kuna mahali pa kuwasha hilo, uiambie ijizime baada ya dakika tano. Usiiambie ingoje betri iishe. Betri ya zamani haisemi ukweli juu ya umri wake.

Halafu faharasa. Hatuizimi, Muzee asiniote vibaya. Tunaipunguzia shamba. Ondoa folda kuu, iachie *Zilizorudi* peke yake. Picha elfu 9 hata kwa sekunde tatu ni saa saba na nusu, inamaliza mara moja kisha inalala. Kama NAS yako ina ratiba ya faharasa, iweke asubuhi mpaka saa 8, na usiku iwe kimya. Ndoa na pasipoti hazihitaji sura, unazitafuta kwa tarehe na jina la mteja, sivyo?

Mwisho rsync yenyewe isibebe takataka:

`rsync -a --delete --delete-excluded --exclude='@eaDir/' --exclude='.@__thumb/' /njia/ya/studio/ /njia/ya/diski_A/`

Weka jina la folda iliyofichwa ya NAS *yako*, na njia zako. Kwanza iendeshe ukiongeza `-n`, hapo itasema tu ingefanya nini bila kugusa kitu. Soma inachotaka kufuta. Hii nakuomba kama mtu aliyeungua. Nilishaona `--delete` ikikuta folda ya asili tupu kwa sababu diski haikufunguka, nayo ikatii, ikafuta nakala yote. Ilichukua dakika chache. Mimi ndiye nilikuwa nimebonyeza.

Na usiku wa kwanza usitegemee muujiza. Itabidi ifute vijipicha elfu 503 kwenye diski ya USB, na diski nyingi ndogo za TB 4 na 5 zinaandika kwa kupandisha mistari ya sumaku mmoja juu ya mwingine kama vigae. Kazi ndogondogo nyingi zinazichosha. Usiikatize.

---

Kebo_Kwanza (Mwanza), Alhamisi, saa 7 mchana

Samahani, ondileri ndiyo UPS?

---

Binti_wa_Studio (Goma), Alhamisi, saa 7:05 mchana

Ndiyo. Kifaransa kimetuharibu.

---

Binti_wa_Studio (Goma), Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 2 usiku

Narudi na habari, naomba radhi kwa kimya.

Tundu lilikuwepo. Nyuma kabisa, chini ya vumbi hili letu jeusi, na kifuniko cha plastiki cha dukani bado kiko juu yake, miaka mitatu. Waya niliupata kwenye boksi la printa iliyokufa. Nilipouchomeka NAS ilisema mara moja imeiona, ikaniandikia na asilimia ya betri. Nilikaa pale nikaangalia ile asilimia kama mtu aliyeletewa barua.

Ijumaa niliiendesha rsync na `-n` kama ulivyoniambia. Yaya, ilitaka kunakili picha zote upya, bila kufuta kijipicha hata kimoja. Nilikuwa nimesahau ile alama ya mkwaju (/) mwishoni mwa njia ya kwanza, ikawa inataka kutengeneza folda "studio" ndani ya diski na kumwaga kila kitu humo tena, juu ya vile vilivyomo. Kama si `-n` hiyo ningekuwa nalia sasa. Niliweka mkwaju, nikaendesha tena, safari hii orodha ya kufutwa ilikuwa vijipicha vitupu.

Usiku wa Ijumaa: ilianza saa 2, ikamaliza saa 10:20 alfajiri. Zaidi ya saa nane, karibu zote ni kufuta. Diski ilikuwa ya moto kama sahani ya chai. Sikuikatiza. Usiku wa Jumamosi, pamoja na ndoa mpya ya GB 61: saa moja na dakika 52. Jumapili: saa moja na dakika 38. Nilikuwa nimekaa pale na kahawa, nikidhani nitalala studio, ikamaliza kabla ya saa 4. Nikabaki na kahawa.

Jumatatu diski A ilipanda boti. Shangazi ameipokea, ameichomeka kwenye kompyuta ya mtoto wake, nilimwomba afungue picha kumi za folda tofauti. Zilifunguka zote kumi, na ya saba alikuwa yeye mwenyewe kwenye ndoa ya dada yangu, akanipigia kulalamika kwamba nilimpiga anakula. B ndiyo imerudi na vijipicha vyake vyote, kwa hiyo nayo jana ililala inafuta mpaka alfajiri kama mwenzake. Nilikuwa nimejiandaa, sikuogopa.

Umeme ulikatika jana saa 8:25. Dakika tano baadaye NAS ikapiga mlio mmoja mrefu, ikajizima taratibu, taa moja baada ya nyingine. Jioni iliporudi nilikimbia kwenye kumbukumbu: hakuna "ilizimika vibaya", hakuna "inajengwa upya".

`wa` usiku huu, rsync ikiendelea: kati ya 20 na 30.

---

Mwana_Lushi (Lubumbashi), Jumatano, saa 2:40 usiku

Hongera sana. Na bila SSD, nakubali. Muzee anasemaje, tableti yake inatafuta kama zamani?

---

Binti_wa_Studio (Goma), Jumatano, saa 3 usiku

*Zilizorudi* inakwenda vizuri, tena haraka kuliko mwanzo. Ila leo amenituma niwaulize. Anasema zamani akimgusa bibi harusi wa mwaka huu alikuwa anamwona pia akiwa mtoto kwenye picha za mama yake, na sasa bibi harusi wamepotea. Nimemweleza habari ya kichwa cha diski na mizunguko 5400. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Kwa hiyo mashine haiwezi kuwakumbuka watu wote?"

Nafikiria kutoa picha moja tu ya kila bibi harusi na kila bwana harusi, ndogo, na kuiweka ndani ya *Zilizorudi*. Yaya Fundi, ndoa kama 120 kwa mwaka, picha mbili kila ndoa, kuna hasara?

---

Fundi_wa_Nguba (Bukavu), Jumatano, saa 3:10 usiku

240 kwa mwaka? Weka hata na mashemeji.